Watazamaji 3,000 kwa Wakati Mmoja: Jinsi ya Kukadiria Uwezo wa Seva za Video

Seva ya video ya mubashara hupangwa kwa kuangalia kilele. Kinachoamua kama itahimili au itazidiwa ni idadi ya watu wanaotazama katika dakika ileile, hata kama waliopita siku nzima ni wengi mara kumi. Kanuni hiyo ni moja kwa mechi inayorushwa kutoka Geita, ibada ya Jumapili ya Kahama, harusi ya Shinyanga mjini inayofuatiliwa na ndugu walioko Muscat, na shauri la mahakamani ambalo shahidi wake yuko wilaya nyingine. Zinazobadilika ni namba zinazoingizwa katika hesabu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya, na kila anayetaka kurusha video au kuendesha mikutano ya mtandaoni anaweza kuifanya kabla hajalipia mashine hata moja.

Kilele cha watazamaji

Msingi wa hesabu hii ni wa zamani kuliko kompyuta. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 andiko kuhusu jinsi simu zinavyoingia katika kituo cha kuunganishia. Mwaka 1917 akatoa fomula za kukadiria ni laini ngapi zinazotosha ili wapigaji wasikwame. Kiini cha hesabu za aina hiyo ni kwamba idadi ya waliomo kwa wakati mmoja hupatikana kwa kuzidisha wanaoingia kila dakika na dakika ambazo kila mmoja hukaa.

Ichukuliwe harusi inayorushwa kwa saa 5, yaani dakika 300, na watu 3,000 wakafungua kiungo chake. Kwa wastani wanaingia watu 10 kila dakika. Ikiwa kila mmoja anatazama dakika 12 kisha anaendelea na shughuli zake, waliomo kwa wakati mmoja ni 120. Bibi harusi akiingia ukumbini watu huongezeka ghafla, hivyo mpangaji mwangalifu atazidisha mara tatu na kujiandaa kwa watu 360.

Mechi ya mpira huenda tofauti kabisa. Geita Gold FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, ikamaliza msimu wa 2021/22 katika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mashabiki 3,000 wa timu ya namna hiyo wakitazama mtandaoni, karibu wote wataingia ndani ya dakika chache kabla ya filimbi ya kwanza, na wengi watabaki hadi ya mwisho. Kilele chao ni 3,000. Kwa hiyo matukio mawili yenye idadi moja ya watazamaji yanahitaji seva zinazotofautiana kwa zaidi ya mara nane.

Kilele huwatesa hata wenye mashine nyingi. Tarehe 19 Novemba 2023, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi ilitazamwa na watu milioni 59 kwa wakati mmoja kupitia Disney+ Hotstar ya India. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba 2024, pambano la ngumi kati ya Mike Tyson na Jake Paul liliipatia Netflix mitiririko milioni 65 kwa mpigo, na watazamaji wengi walilalamika kwamba picha inakwama.

Idadi ya watu wa eneo haimsaidii sana mpangaji. Sensa ya 2022 ilihesabu takriban watu milioni 2.98 mkoani Geita na milioni 2.24 mkoani Shinyanga, lakini sehemu ndogo tu kati yao itafungua kiungo kimoja jioni moja. Mwongozo bora ni rekodi ya tukio lililopita: kilele kilikuwa wangapi, na tukio lijalo lina mvuto zaidi au pungufu. Pia macho na mitiririko ni vitu viwili. Kibanda umiza cha Katoro chenye watu 100 mbele ya televisheni moja ni mtiririko mmoja tu kwa seva, ingawa utakuwa wa ubora wa juu na hautakatwa hadi mechi iishe.

Uzito wa picha

Namba ya pili ni kasi ya video, inayopimwa kwa megabiti kwa sekunde. Wengi hukosea hapa kwa kuchanganya megabiti na megabaiti. Kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, bando la simu hutajwa kwa baiti, na baiti moja ina biti 8. Atakayesahau kugawanya kwa 8 atapata jibu lililokosewa mara nane.

Kwa kodeki (njia ya kubana video) ya H.264, iliyosanifishwa mwaka 2003 na ambayo simu janja karibu zote huielewa, video yenye mistari 240 hutosheka na takriban megabiti 0.3 kwa sekunde. Ya mistari 360 huhitaji kama 0.7, ya 480 huhitaji 1.2, ya 720 huhitaji 2.5, na ya 1080 huhitaji 5 hivi. Mpira wa miguu hutaka zaidi kidogo kuliko mhubiri aliyesimama mimbarini, kwa sababu kodeki hubana kwa kutuma kile kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata, na uwanjani kila kitu kinatembea.

Turudi kwa mashabiki 3,000. Tuseme 1,800 wanatazama kwa mistari 360, 900 kwa 480, na 300 kwa 720. Kundi la kwanza linachukua megabiti 1,260 kwa sekunde, la pili 1,080, la tatu 750. Jumla ni 3,090. Kila pakiti ya data husafiri na anwani na vichwa vyake, hivyo iongezwe asilimia 10, na jibu ni takriban gigabiti 3.4 kwa sekunde.

Seva nyingi za kukodi huwa na mlango wa mtandao wa gigabiti 1 au 10. Mlango haupaswi kujazwa hadi ukingoni, kwa kuwa mtiririko hupanda na kushuka, na njia iliyojaa huanza kupoteza pakiti. Wahandisi wengi hupanga kwa asilimia 70. Seva ya gigabiti 1 basi ihesabiwe kuwa inatoa 0.7. Gigabiti 3.4 ukigawanya kwa 0.7 unapata 4.9, yaani seva 5, na ya sita ya akiba. Njia nyingine ni seva moja ya gigabiti 10, pamoja na pacha wake endapo ya kwanza itaharibika.

Baadhi ya wakodishaji hutoza kwa kiasi cha data kilichotoka, na hapo hesabu ya jumla inarudi. Saa 2 ni sekunde 7,200. Gigabiti 3.4 kwa sekunde mara 7,200 ni gigabiti 24,480, ambazo ni gigabaiti 3,060, au terabaiti 3 na ushei. Kwa msimu wenye mechi 15 za nyumbani, ni takriban terabaiti 46, na bei ya kila gigabaiti inapaswa kujulikana kabla ya msimu kuanza.

Hesabu hiyohiyo inamhusu mtazamaji. Saa 2 kwa mistari 720 humlia megabaiti 2,250 za bando, kwa mistari 360 megabaiti 630, kwa mistari 240 megabaiti 270. Sauti peke yake kwa kilobiti 48 haifiki megabaiti 45. Mrushaji anayewajali watazamaji wa vijijini ataweka ngazi ya 240 na ya sauti tupu, kwa sababu kuna mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ambaye bando lake la siku halitoshi kipindi cha kwanza cha ubora wa juu.

Kazi ya kichakataji

Kamera uwanjani hutuma mtiririko mmoja, kwa mfano wa mistari 1080. Seva huufungua na kuusuka upya katika ngazi zote nne au tano. Kazi hii ndiyo inayokula kichakataji kuliko zote, lakini haiongezeki kwa wingi wa watazamaji. Mechi moja ikitazamwa na watu 30 au 30,000, kusuka ni kulekule. Kinachoiongeza ni idadi ya matukio yanayorushwa pamoja. Kituo kinachorusha mechi tatu kwa mpigo kinahitaji uwezo wa kusuka mara tatu, na ndiyo maana seva za kusuka hutenganishwa na seva za kugawa.

Upande wa kamera nao una hesabu yake. Kama mtiririko ni megabiti 5 kwa sekunde, njia ya kupandisha data kutoka uwanjani iwe angalau mara mbili ya hapo, na ipimwe wakati watu wamejaa majukwaani. Mnara uliotoa kasi nzuri asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, hutoa kasi nyingine kabisa mashabiki wote wanapotoa simu zao kurekodi bao. Warushaji makini hutumia laini za mitandao miwili tofauti, au faiba pale inapopatikana.

Baada ya kusukwa, video hukatwa vipande vya sekunde chache. Mfumo wa HLS, ulioanzishwa na Apple mwaka 2009, hupendekeza vipande vya sekunde 6. Kipande cha sekunde 6 kwa megabiti 2.5 kina uzito wa megabaiti 1.9 tu, hivyo vipande vyote vya dakika za karibuni hukaa katika kumbukumbu ya seva bila kuisumbua diski. Kipande ni faili la kawaida: kinaweza kunakiliwa na kuhifadhiwa katika seva nyingine zilizo karibu na watazamaji. Gharama yake ni kuchelewa. Mtazamaji huona bao sekunde 15 hadi 30 baada ya kufungwa, na jirani mwenye redio atashangilia kabla yake. Kwa mechi hilo linavumilika.

Mazungumzo ya video

Watu wawili wanaozungumza hawawezi kungoja sekunde 15. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti ichukue milisekunde zisizozidi 150 kutoka kinywani mwa msemaji hadi sikioni mwa msikilizaji. Ikizidi sana, watu huanza kukatishana maneno. Vipande vya HLS havifai hapa. Kinachotumika mara nyingi ni WebRTC, teknolojia ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2011 na ikawa kiwango rasmi cha shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2021. Data yake hutumwa mara inapozaliwa, na haihifadhiwi popote kwa ajili ya mtu mwingine.

Washiriki wanaweza kuunganishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kila simu kutuma picha yake moja kwa moja kwa kila simu nyingine. Seva haina mzigo, lakini watu 6 wanakuwa na mitiririko 30, na kila simu inapandisha mitano. Kwa megabiti 0.5 kila mmoja, simu inapandisha megabiti 2.5 kwa sekunde bila kupumzika, kazi inayochemsha simu ya bei ya chini na kumaliza chaji. Njia ya pili ni seva ya kugawa: kila mtu anatuma mtiririko mmoja, na seva inaupeleka kwa wengine bila kuufungua. Ya tatu ni seva ya kuchanganya: inapokea picha zote, inazisuka kuwa picha moja, na kila mshiriki anapokea mtiririko mmoja. Inapunguza mzigo wa mtandao lakini kichakataji chake ni ghali. Mikutano mingi ya leo hutumia njia ya pili.

Mahakama zinatoa mfano mzuri. Mwaka 2021 Tanzania ilitunga kanuni za kuendesha mashauri kwa washiriki walio mahali tofauti na kurekodi kwa njia ya kielektroniki. Tuseme shauri lina vituo vitano: jaji Shinyanga, wakili Mwanza, shahidi Geita, mshtakiwa gerezani, na mtaalamu Dar es Salaam. Kila kituo kinatuma megabiti 1. Seva inapokea 5, na inatoa 5 mara 4, yaani 20. Mashauri 30 ya aina hiyo yakiendeshwa saa moja, seva inapokea megabiti 150 na kutoa 600 kwa sekunde. Mlango wa gigabiti 1 unatosha, lakini pakiti za video huwa na baiti 1,200 hivi, kwa hiyo seva inatoa pakiti 62,500 kila sekunde, na kila moja lazima isimbwe kwa siri. Hapa kichakataji kinaweza kuchoka kabla ya mlango wa mtandao.

Hatari kubwa ya mazungumzo ni kwamba mzigo hukua kwa kasi kuliko watu. Darasa la watu 50 ambapo kila mmoja anamwona kila mwenzake lina mitiririko 2,450 ya kutoka. Kwa megabiti 0.5 ni megabiti 1,225 kwa sekunde. Darasa la watu 100 linafika 4,950. Watu wameongezeka mara mbili, mzigo umeongezeka mara nne. Dawa yake ni kuonyesha wachache: kila mmoja akiona nyuso 6 tu za waliozungumza karibuni, darasa la watu 50 linashuka hadi megabiti 150, na simu ya mwanafunzi inapokea megabiti 3 badala ya 24.5.

Lipo pia jambo linalosahaulika mara nyingi katika makadirio. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na baadhi ya ofisi hufunga milango ya mtandao ambayo WebRTC huitumia. Mazungumzo ya wateja hao hulazimika kupitia seva ya upokezi, na kila megabiti inayopita hapo huhesabiwa mara mbili, ikiingia na ikitoka. Theluthi ya trafiki ya yale mashauri 30 ikihitaji upokezi, seva hiyo itabeba megabiti 250 za kuingia na 250 za kutoka.

Umbali na mkongo

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hakuna fedha inayoweza kuuongezea kasi. Ikiwa seva iko Dar es Salaam, kilomita 1,200 za kebo kutoka Geita huchukua milisekunde 6. Ikiwa iko Ulaya, neno la shahidi wa Geita huvuka bahari hadi huko, kisha hurudi Shinyanga, safari inayozidi kilomita 20,000. Hizo ni milisekunde 100 kwa mwanga peke yake, kabla ya kuhesabu foleni za njiani na kazi ya simu zenyewe. Kikomo cha 150 kinakuwa karibu mno.

Miundombinu ya kuweka seva nyumbani ipo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umeunganisha mikoa na Dar es Salaam, mahali ambapo kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilitia nanga mwaka 2009 na 2010. Kituo cha kubadilishana data cha TIX kinawezesha mitandao ya ndani kupeana data bila kuitoa nje ya nchi. Faida yake ilieleweka tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Huduma ambayo seva na watumiaji wake wote wako nchini haitegemei bahari.

Mnara wa mwisho

Makadirio ya seva hayakamiliki bila kuangalia mnara wa simu. Sekta ya 4G, yaani upande mmoja wa mnara, yenye megahezi 20 na antena mbili hufikia megabiti 150 kwa sekunde kwa nadharia, lakini kasi hiyo hugawanywa kwa wote walio ndani yake, na walio mbali huipunguza zaidi. Tuseme jioni ya mechi sekta moja karibu na machimbo inatoa wastani wa megabiti 40. Watazamaji wa ngazi ya 720 wanaoweza kuhudumiwa ni 16. Wa ngazi ya 360 ni 57. Wa ngazi ya 240 ni 133. Seva ya Dar es Salaam inaweza kuwa na nafasi tele huku picha inakwama kijiji kizima, na kuongeza seva hakutabadilisha lolote. Kuwashusha watazamaji hadi ngazi ya chini kutabadilisha.

Akiba na majaribio

Hesabu ya karatasi ithibitishwe kwa jaribio la mzigo. Programu maalumu hujifanya watazamaji mamia, wakiongezwa kidogokidogo, huku mafundi wakiangalia vipimo vinne: mlango wa mtandao, kichakataji, kumbukumbu, na pakiti zinazopotea. Kipimo kitakachofika asilimia 70 kwanza ndicho kikomo halisi cha seva hiyo. Mlango wa kuingilia nao ujaribiwe, kwani watu 3,000 wanaoingiza nywila ndani ya dakika tano ni 10 kila sekunde, na huduma nyingi huanguka hapo kabla video haijaanza.

Kanisa, shule, mahakama, hospitali au kituo cha televisheni ya mtandaoni kinachopanga huduma hii kiandike namba nne kabla ya kusaini mkataba: kilele cha watu, kasi ya video kwa kila mmoja, uwezo wa mlango wa seva kwa asilimia 70, na kasi ya mnara wa mtazamaji aliye mbali zaidi. Muuzaji wa seva aulizwe jibu lake kwa kila namba. Asiyeweza kujibu asilipwe kwanza.